Kichwa kinauma: Usubiri au uende hospitali?

Hakuna asiyewahi kuumwa kichwa, na mara nyingi maumivu hupoa yenyewe. Lakini ukiishi Bweni, kaskazini kabisa mwa Kisiwa cha Mafia, swali la "nisubiri au niende?" lina uzito wake. Hospitali ya Wilaya ipo mbali, Kilindoni. Ni vyema kujua mapema maumivu yapi ni ya kusubiri na yapi si ya kusubiri.

Maumivu ya kawaida hubana kichwa pande zote, kama kilemba kilichokazwa. Huletwa na uchovu, mawazo, njaa, kukosa usingizi au kushinda juani bila kunywa maji. Mvuvi aliyerudi pwani na kichwa kinachogonga anywe maji, ale, apumzike kivulini.

Kipandauso ni tofauti. Mara nyingi hupiga upande mmoja, huja na kichefuchefu, na mgonjwa hukerwa na mwanga na kelele. Dawa humsaidia zaidi akiinywa mapema, kisha alale chumba chenye giza.

Mtu mzima anaweza kunywa tembe mbili za parasetamo za miligramu 500, akarudia baada ya saa sita ikibidi. Asizidishe tembe nane kwa siku. Dozi ya mtoto hupangwa kwa uzito wake, kwa hiyo usikadirie kwa macho, wala usimpe aspirini.

Ukijikuta unameza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi kadhaa, dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayokuumiza kichwa. Usiongeze dozi. Nenda zahanati usaidiwe kuipunguza.

Mtoto akiwa na homa na kichwa kinamuuma, usianze dawa mseto kwa kubahatisha. Kipimo cha haraka cha malaria huhitaji tone moja tu la damu, na majibu hayachukui nusu saa. Yakionyesha hana malaria, upo ugonjwa mwingine wa kutafutwa.

Wengine husema, "Kichwa hakiniumi, basi sina presha." Si kweli. Wengi wenye presha hawasikii chochote. Kapime.

Sasa zishike dalili hizi. Usisubiri asubuhi ukiona:

- Maumivu makali mno yaliyoanza ghafla, ambayo hujawahi kuyapata.
- Homa pamoja na shingo kukakamaa, degedege au kuchanganyikiwa.
- Mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, au maneno kutotoka vizuri.
- Kutapika, kusinzia kupita kiasi au kuzimia baada ya kuanguka au kupigwa kichwani.
- Mtoto anayetapika kila kitu, asiyeweza kunywa au kunyonya, au asiyeamka vizuri.
- Mjamzito, au mama aliyejifungua karibuni, mwenye kichwa kikali, macho kuona ukungu au uso kuvimba. Hiyo inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba, kinachoweza kuua mama na mtoto.

Aliyevuka miaka 50 akaanza kuumwa kichwa cha namna mpya, naye aende akapimwe bila kuchelewa.

Leo, kabla hakuna mgonjwa nyumbani, andika namba ya simu ya mhudumu wa zahanati na ya mwenye gari au bodaboda anayekubali safari za usiku. Tenga na nauli ya Kilindoni, isiguswe kwa jambo jingine.