Fedha ya Ng'ambo ni Bidhaa

Mwananchi wa Kasanga anajua jambo moja ambalo wengi wa mijini hawalijui, nalo ni kwamba ng'ambo si mbali. Kwa mtu wa Dar es Salaam, safari ya ng'ambo ni safari ya ndege. Kwa mtu wa Kasanga ni safari ya ziwa. Kusini iko Mpulungu, bandari ya Zambia. Magharibi iko Kongo. Na kaskazini, Burundi. Walungu wa Kasanga wana ndugu zao wa ukoo upande wa Zambia. Lakini undugu haubadili noti. Ashukapo chomboni, mfanyabiashara wetu hana budi kununua kwacha au faranga.

Twasema "kununua" kwa makusudi. Wengi hudhani kubadilisha fedha ni kupokezana tu, mkono huu na mkono huu. Sivyo. Fedha ya ng'ambo ni bidhaa, kama ulivyo mchele na kama walivyo dagaa. Anayeiuza anayo bei ya kuuzia na bei ya kununulia. Na tofauti ya bei hizo mbili ndiyo faida yake, na ndiyo hasara ya msafiri.

Na tupige hesabu, kwa tarakimu nyepesi za mfano tu. Tuseme kwacha moja huuzwa kwa shilingi 110 na hununuliwa kwa shilingi 100. Mama mwenye mtaji wa shilingi 1,100,000 atapata kwacha 10,000. Akikosa bidhaa, akarudi na kwacha zake zote na kuziuza, atapokea shilingi 1,000,000. Shilingi 100,000 zimekwisha, wala hakuibiwa, wala hakula hata kipande cha samaki! Na yule anayenunua kwanza dola, kisha kwa dola akanunua kwacha, amelipa ushuru huo mara mbili. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba na haba pia hukimaliza.

Basi yapasa kufanya nini? Kwanza, msafiri apange matumizi yake kabla ya kuondoka: nauli, chakula, malazi, ushuru na bidhaa, kila kimoja na fungu lake, na akiba kidogo ya dharura. Pili, aulize bei zote mbili, tena mahali zaidi ya pamoja, kabla hajafungua mkoba. Tatu, anunue fedha kwa kadiri ya haja yake, katika benki au duka lenye leseni, na stakabadhi aitunze. Anayebadilisha gizani ufukweni hana pa kushtaki akipewa noti bandia.

Wazee walisema akiba haiozi. Akiba ya fedha ngeni yaweza kuoza. Tarehe 1 Januari, 1913 ilikuwa enzi nyingine. Lakini tarehe 1 Januari, 2013 twaikumbuka sote: Zambia iliondoa sufuri tatu katika fedha yake, kwacha 1,000 za zamani zikawa kwacha moja mpya. Katikati ya mwaka huo noti za zamani zikakoma kuwa fedha halali ya kununulia vitu. Aliyezificha sandukuni, asisikie habari, alijikuta na karatasi asiyoweza kuitumia dukani.

Sheria nayo ijulikane. Avukaye mpaka wa Tanzania na fedha taslimu zinazofikia thamani ya dola 10,000 za Marekani hana budi kuzitangaza forodhani. Na tangu Machi 2025, kanuni zimekataza bei na malipo ya ndani ya nchi kufanywa kwa fedha za kigeni. Basi arudiye na kwacha azibadilishe kwanza, ndipo aende sokoni.

Ndugu wafanyakazi na wachuuzi, mtaji wa mnyonge hauzami ziwani kwa dhoruba moja tu; huvuja pole pole katika tundu ambazo hazikuzibwa. Tuzizibe kwa hesabu, kabla chombo hakijang'oa nanga.