Taka Kuzalisha Umeme: Kwa Nini Mpango Huanzia Jikoni

Kwa kuwa taka ni nyingi na umeme unahitajika, kwa nini usijengwe mtambo wa kuchoma taka na kufua umeme? Swali hilo ni la haki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu katika maeneo yao, na kila shilingi inayotumika vibaya katika kazi hiyo ni shilingi iliyokosekana kwenye zahanati au darasa. Kwa sababu hiyo, ni vema mkazi wa kata ayafahamu mambo yanayopimwa kabla ya teknolojia yoyote kuchaguliwa.

Jambo la kwanza ni maji. Katika mtambo wa aina hiyo taka huchomwa kwenye tanuri, joto huchemsha maji, na mvuke huzungusha mashine ya kufua umeme. Ili moto ujiendeshe bila kuongezewa mafuta, wapangaji hutumia kanuni kwamba kilo moja ya taka itoe wastani wa nishati usiopungua megajuli 7. Kuni kavu hutoa zaidi ya maradufu ya kiasi hicho. Lakini sehemu kubwa ya taka za miji na masoko yetu ni mabaki ya chakula, maganda ya ndizi, mboga zilizooza na nyanya, ambazo zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za uzito wake ni maji. Moto huishia kukausha badala ya kuchemsha. Yeyote aliyewahi kupika kwa kuni mbichi wakati wa masika anaifahamu hasara hiyo.

Jambo la pili ni mkataba. Mitambo hii ni ya gharama kubwa, na wawekezaji wengi hudai wahakikishiwe kiasi fulani cha taka kila siku kwa miaka mingi. Taka zikipungua, halmashauri hulazimika kulipa fidia. Hivyo juhudi njema za wananchi za kupunguza taka zinaweza kugeuka deni.

Jambo la tatu ni mabaki. Kuchoma hakumalizi taka: karibu robo ya uzito hubaki majivu, na yale yanayonaswa kwenye mitambo ya kusafisha moshi huwa na sumu, hivyo huhitaji eneo maalumu la kuzikwa. Ndiyo maana kuchoma plastiki uani si njia ndogo ya teknolojia hiyohiyo. Moto wa uani hauna joto la kutosha wala kichujio, na moshi wake huvutwa na watoto na majirani.

Mfano wa karibu unapatikana Ethiopia. Mwezi Machi 2017, lundo la taka katika dampo la Koshe, jijini Addis Ababa, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 110 waliokuwa wakiishi kando yake. Mwezi Agosti 2018 mtambo wa Reppie ulizinduliwa katika eneo hilohilo, ukiwa umesanifiwa kupokea tani 1,400 za taka kwa siku. Hata hivyo, uendeshaji wake ulikumbwa na matatizo na vipindi vya kusimama. Mfano huo unafundisha mambo mawili kwa pamoja: dampo lisilosimamiwa huua, na mtambo mkubwa peke yake hauondoi tatizo.

Zipo njia nyingine zinazofaa taka mbichi, nazo ni nafuu zaidi. Huko Mabwepande, katika Manispaa ya Kinondoni, kiwanda cha mboji kilijengwa kwa ushirikiano na Jiji la Hamburg la Ujerumani, kikiwa na uwezo wa kupokea tani 50 za taka zinazooza kwa siku. Huko Hale, mkoani Tanga, mabaki ya mkonge yametumika kutengeneza biogesi ya kufua umeme. Njia ya tatu ni ufugaji wa mabuu ya nzi chuma, ambayo hula mabaki ya chakula kwa muda wa wiki mbili hivi, kisha huwa chakula cha kuku na samaki.

Njia zote tatu zina sharti moja: taka ziwe safi, za aina moja. Mabaki ya mkonge yalifaa kwa sababu hayakuchanganyika na chupa wala betri. Mboji yenye vipande vya kioo haiwezi kumwagwa kwenye shamba linalolimwa kwa mikono, na mkulima hatairudia. Hata mtambo wa kuchoma hunufaika taka za maji zikiondolewa mapema, kwa kuwa kinachobaki ni kikavu na huwaka vizuri.

Kwa hiyo utenganishaji katika chanzo ndio msingi wa kila mpango, uwe wa mboji, wa gesi au wa tanuri. Kwa kaya, vyombo viwili vinatosha kuanzia: kimoja cha vitu vinavyooza, kingine cha vikavu kama karatasi, plastiki, chupa na makopo. Betri na dawa zilizokwisha muda ziwekwe kando ya vyote viwili. Mwenye bustani anaweza kufukia taka zinazooza katika shimo la mboji na kupunguza uzito wa mzigo wake zaidi ya nusu.

Wajibu huo una upande wa pili. Kaya ikitenganisha na gari likachanganya, kazi yote hupotea. Kwa hiyo, mpango wa taka unapowasilishwa katika mkutano wa kijiji au wa mtaa, wakazi wana haki ya kuuliza maswali manne: taka zilizotenganishwa zitabebwaje bila kuchanganywa tena? Zimepimwa katika misimu yote, kiangazi na masika? Mkataba unadai tani ngapi, na kwa miaka mingapi? Majivu au mabaki yatapelekwa wapi? Mpango wenye majibu ya maswali hayo unastahili kujadiliwa. Usio nayo haujawa tayari, hata kama picha za mtambo wake zinapendeza.