Majaribio ya Programu za Wavuti (3): Kitufe cha "Endelea na Google"

Katika sehemu mbili zilizopita tumeona jinsi majaribio yanayojiendesha yanavyofungua kivinjari, kujaza fomu na kukagua majibu bila mtu kugusa kibodi. Leo tumefika mahali ambapo watengenezaji wengi wa programu hukwama: kuingia kwa akaunti ya Google au Facebook.

Kwanza tuone kinachotokea kitufe kikibofywa. Tovuti yako haimuulizi mtumiaji nywila. Inampeleka Google akiwa na kitambulisho cha programu yako, anwani ya kurudia, na alama ya nasibu iitwayo state. Google ikishamtambua humrudisha kwenye anwani ile akiwa na msimbo wa muda mfupi pamoja na state ileile. Seva yako huupeleka msimbo huo Google, safari hii pamoja na siri ya programu, nayo hupewa tokeni inayoeleza mtu huyu ni nani. Huo ndio utaratibu wa OAuth 2.0, uliochapishwa Oktoba 2012 katika waraka wa RFC 6749. Ile tokeni inayomtambulisha mtu ni ya OpenID Connect, iliyojengwa juu yake mwaka 2014.

Sasa chukua programu iliyoandikwa kwa Django na maktaba ya django-allauth. Kwenye kompyuta ya mwandishi kila kitu kinakwenda vizuri, kwa sababu siku moja aliingia ukurasa wa msimamizi akaandika kitambulisho na siri ya Google kwa mkono, vikahifadhiwa kwenye hifadhidata kama rekodi iitwayo SocialApp. Lakini Django ikianza majaribio huunda hifadhidata nyingine, isiyo na rekodi hiyo. Jaribio likibofya kitufe, linakumbana na kosa la SocialApp.DoesNotExist. Kitufe hakina hitilafu yoyote. Kinachokosekana ni ile rekodi.

Dawa yake ni kuiunda rekodi hiyo ndani ya jaribio lenyewe, katika setUp: SocialApp yenye provider "google", kitambulisho cha kubuni na siri ya kubuni. Kisha iunganishe na Site yenye namba ileile iliyotajwa kwenye SITE_ID. Hatua hii ya pili husahaulika mno, na kwa kuwa kosa linalotokea ni lilelile, mtu hushinda akitafuta tatizo huku rekodi anaiona kwa macho yake. Matoleo mapya ya maktaba yanaruhusu kuweka taarifa hizi kwenye faili la mipangilio badala ya hifadhidata. Chagua njia moja tu; ukiweka kote kuwili utaletewa MultipleObjectsReturned.

Wapo wanaoamua kulipatia jaribio akaunti halisi ya Google na nywila yake. Ushauri wangu ni kwamba njia hiyo iachwe. Google huzuia vivinjari vinavyoendeshwa na programu, au hudai uthibitisho wa simu ambao jaribio haliwezi kuutoa. Isitoshe, seva ya majaribio ya Django huchukua namba ya mlango (port) yoyote iliyo wazi, ilhali Google inataka anwani ya kurudia ilingane kabisa na iliyosajiliwa. Matokeo yake ni redirect_uri_mismatch. Na baya zaidi, nywila ya mtu inaishia kwenye hazina ya msimbo ambako kila mwenzako anaisoma.

Kwa majaribio mengi, yale ya kuweka oda au kuhariri wasifu, huhitaji kupita Google hata kidogo. Mwingize mtumiaji kwa force_login, chukua kuki ya sessionid, uiweke kwenye kivinjari. Ukitumia Selenium, fungua kwanza ukurasa wowote wa tovuti yako, maana kuki haikubaliwi kabla kivinjari hakijafika kwenye anwani husika.

Yanabaki majaribio machache ya kuingia kwenyewe, na hapa ndipo juhudi inapolipa. Weka seva ndogo ya kuigiza inayojibu kwa niaba ya Google, kisha uifanye ilete matatizo. Irudishe state isiyolingana: je, programu yako inakataa? Mtumiaji akibofya "Ghairi", anapata ujumbe unaoeleweka au ukurasa wa kosa 500? Jaribu pia akaunti ya Facebook isiyo na barua pepe. Watu wengi wamejisajili huko kwa namba ya simu tu, na programu inayodhani kila mtu ana barua pepe huwafungia nje bila maelezo. Mwisho, badilisha barua pepe ya mtumiaji huku sub, kitambulisho chake cha kudumu, ikibaki vilevile. Akirudi na kukuta akaunti yake imekuwa mpya na tupu, umemtambua kwa kitu kisicho sahihi.

Kabla ya kupeleka programu kwa watu, hakikisha seva ya kuigiza na kila njia ya mkato ya kuingilia vimo kwenye mipangilio ya majaribio peke yake. Njia ya mkato ikivuka hadi kwenye tovuti halisi, yeyote anayeijua ataingia kwenye akaunti ya yeyote.