Herufi ya Kwanza ya Jina Lako

Asubuhi moja, bado giza, mzee jirani yetu alitukuta kituoni mimi na mdogo wangu tunasubiri basi la shule. Ni Mmarekani mweusi aliyekulia West End hapa hapa Louisville. Mama humwita "babu" na yeye ameshazoea kuitika. Akamuuliza mdogo wangu jina lake la mwisho linaanza na herufi gani. B. Akanigeukia: na wewe je? M. Mzee akacheka. Baba mmoja, mama mmoja, herufi mbili? Akasema zamani tungewachanganya watu wa wilaya ya shule vichwa.

Kwa wale ambao hamkukulia kwenye nyumba ya Kikongo: kwetu si lazima mtoto achukue jina la baba. Anapewa lake, la babu au la shangazi au la jambo lililotokea siku aliyozaliwa. Ndiyo maana kila ofisi ya Marekani inatuuliza kama kweli sisi ni ndugu. Hilo tumelizoea. Nilichokuwa sijui ni kwa nini mzee wa Kentucky ajali herufi. Jioni nikamfuata barazani kwake, akaniambia kwamba mwaka 1975 herufi hiyo ndiyo iliyoamua mtoto gani apande basi, akiwa darasa la ngapi, kwenda shule ya mbali. Nilidhani ananitania. Nikaenda kusoma. Hakuwa ananitania hata kidogo.

Kwenye kipindi cha mwezi huu kila mmoja wetu alisimulia shule za mji wake, na Louisville ikapata dakika tano. Hazikutosha, kwa hiyo yaliyobaki nayaandika hapa.

Wilaya yetu inaitwa Jefferson County Public Schools. Watu husema JCPS tu. Ni kubwa kuliko zote Kentucky: wanafunzi zaidi ya 90,000, shule zaidi ya 150. Nyumbani watoto hao wanaongea lugha zaidi ya mia, Kihispania kikiongoza baada ya Kiingereza, na Kiswahili kiko kule juu kwenye orodha. Ndiyo, Kiswahili chetu. Fomu zinakuja kwa Kiswahili, na kama umewahi kumsomea mama yako barua ya shule huku unabuni tafsiri unajua hilo lina maana gani.

Neno "wilaya" lenyewe lilimpa mama shida. Kongo alizoea shule za serikali ambazo nyingi zinaendeshwa na makanisa. Hapa wilaya ya shule ni kama serikali ndogo: ina bodi inayochaguliwa na wananchi, inachukua kodi kwenye nyumba za watu, na ndiyo inayochora ramani ya nani asome wapi. Kumbuka hiyo ramani. Ugomvi wote wa hapa, tangu enzi za mababu wa huyu mzee, umekuwa juu yake.

Shule za umma za Louisville zilianza mwaka 1829, wakati Kentucky bado ni jimbo la utumwa. Watu weusi walisubiri mpaka 1873 ndipo likafunguliwa jengo la kwanza lililojengwa kwa fedha za umma kwa ajili ya watoto wao, Central Colored School. Mwaka 1904 bunge la jimbo likapitisha sheria iliyoitwa Day Law: kufundisha mweupe na mweusi chini ya paa moja ikawa kosa la jinai. Chuo cha Berea, kilichokuwa kinawafundisha wote pamoja, kilipinga hadi Mahakama ya Juu ya Marekani na kushindwa mwaka 1908.

Ile Central ikakua ikawa Central High School. Hapo alifundisha Lyman T. Johnson, mwalimu wa historia aliyekishtaki Chuo Kikuu cha Kentucky na kukilazimisha kupokea wanafunzi weusi mwaka 1949. Na hapo alihitimu mwaka 1960 kijana aliyeitwa Cassius Clay. Tarehe 30 Oktoba 1974, akiwa sasa Muhammad Ali, alimwangusha George Foreman mjini Kinshasa. Papa wakati huo alikuwa mtoto mchanga, tena yuko Fizi, kilomita nyingi sana kutoka Kinshasa, lakini anasimulia lile pambano kama mtu aliyekaa kiti cha mbele. "Ali, boma ye!" Tulipopangiwa kuhamia Louisville, hilo ndilo jambo pekee alilolijua kuhusu mji huu. (Mengine alijifunza baadaye, likiwemo kwamba wenyeji hawatamki "Luizivili".)

Sasa twende kwenye basi.

Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ilisema shule za kutenga rangi ni kinyume cha katiba. Louisville ilifungua shule zake kwa wote mwaka 1956, bila fujo, na mkuu wa shule wa wakati huo, Omer Carmichael, akasifiwa mpaka na Rais Eisenhower. Lakini kulikuwa na mlango wa nyuma. Mzazi ambaye hakupenda shule aliyopangiwa mwanawe aliweza kuomba ahamishwe. Unaweza kukisia walioomba ni nani. Halafu familia nyingi nyeupe zikahamia nje ya mji, sehemu ya kaunti iliyokuwa na wilaya yake tofauti. Kufika miaka ya 1970 karibu nusu ya wanafunzi wa wilaya ya mji walikuwa weusi, na wilaya ya kaunti ilikuwa nyeupe karibu yote. Ukuta haukuwepo, lakini mstari wa ramani ulifanya kazi ile ile.

Hapa ndipo Louisville ilipopishana na miji mingine. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Detroit, iliamua kwamba kwa kawaida huwezi kuwalazimisha watu wa wilaya za pembeni kubadilishana wanafunzi na wilaya ya mji. Kwingi hadithi iliishia hapo, wakabaki na mistari yao. Louisville ikafanya jambo ambalo wengi hawakulitegemea: wilaya ya mji, iliyokuwa hoi kifedha, ikajivunja yenyewe, na mwaka 1975 zikaunganishwa. Kaunti nzima ikawa wilaya moja. Hiyo ndiyo JCPS tunayoijua. Mstari wa kujificha nyuma yake ukafutika, na jaji wa shirikisho, James Gordon, akaamuru watoto wachanganywe kwa mabasi kuanzia Septemba mwaka huo huo.

Na mabasi yakapangwa kwa herufi. Kila kundi la herufi lilikuwa na miaka yake ya kusafirishwa. Ukisikia hivyo inaonekana haki tupu, alfabeti haina rangi. Lakini kulikuwa na majedwali mawili. Mtoto mweupe, kati ya miaka 12 ya shule, alisafirishwa mwaka mmoja au miwili. Mtoto mweusi alisafirishwa minane au zaidi. Nilisoma sehemu hiyo mara tatu. Mahakama ilikuwa inawatetea watoto weusi, na bado mzigo wa safari ukawekwa mgongoni mwao.

Wiki ya kwanza ya masomo, sehemu za kusini na kusini-magharibi mwa kaunti ziliwaka. Maandamano, mawe, mabasi yaliyochomwa moto, polisi waliojeruhiwa. Gavana akaleta wanajeshi wa National Guard, na walinzi wenye silaha wakapanda mabasi pamoja na watoto. Mzee jirani yetu alikuwa ndani ya moja ya mabasi hayo. Nilitaka anisimulie zaidi. Aliniambia tu kwamba walifundishwa kuinamisha vichwa chini ya madirisha, kisha akaanza kuongelea nyanya zake. Sikumsukuma. Wazazi wetu nao wana safari zao za kutoka Fizi hadi Nyarugusu ambazo zikifika sehemu fulani zinageuka habari za nyanya.

Kitu kimoja kilinishika wakati nasoma. Mitaa ile ya kusini iliyokuwa inawaka mwaka 1975 ndiyo tunakoishi sisi. Ndiyo South End. Leo ukiingia darasani huko unakuta Mkongo, Msomali, Mkuba, Mnepali, na mtoto wa Kentucky aliyejua "habari gani" kabla hajajua kuandika vizuri jina lake. Hakuna jaji aliyetupanga hivyo. Mashirika ya kupokea wakimbizi yalitafuta kodi ya nyumba iliyo nafuu, basi.

Amri ya mahakama iliondolewa mwaka 2000, na kesi iliyoiondoa ilihusu Central. Wakati ule kila shule ilitakiwa kuwa na mchanganyiko wa rangi ndani ya kipimo fulani. Central, iliyokuwa shule ya watu weusi kwa miaka karibu mia, ilikuwa inawakataa watoto weusi huku viti viko wazi, kwa sababu weupe wa kutosha hawakujitokeza. Wazazi weusi wakashtaki, wakashinda. Wilaya ikaendelea na mchanganyiko kwa hiari yake: weusi wasipungue asilimia 15 wala kuzidi 50 katika kila shule. Kisha mama mmoja mweupe akashtaki kwa sababu mwanawe wa chekechea alinyimwa nafasi kwenye shule ya karibu na kwao. Kesi hiyo, Meredith dhidi ya bodi ya Jefferson County, iliamuliwa Juni 2007 pamoja na ya Seattle. Majaji watano kwa wanne: rangi ya mtoto mmoja mmoja isitumike kuamua asome wapi.

Wilaya nyingi zingeacha hapo. Hii ikaanza kutumia mitaa badala ya rangi ya mtoto: kipato cha mtaa, elimu ya watu wazima wa mtaa huo. Naipongeza kwa ukaidi huo, nasema wazi. Lakini mabasi yaliendelea kufanya safari ndefu, na mtoto wa West End ndiye aliyeendelea kuamka gizani zaidi ya wengine. Ilibidi kungoja mpaka 2022 ndipo bodi ikapitisha mpango mpya: kuanzia mwaka wa masomo 2023, familia za West End zichague wenyewe, shule ya karibu au ya mbali.

Siku ya kwanza ya mwaka huo, Agosti 9, 2023, ratiba mpya ya mabasi ikavurugika vibaya. Madereva hawakutosha, njia zilikuwa ndefu mno, watoto wengine wakafika nyumbani karibu saa nne usiku. Shule zikafungwa zaidi ya wiki. Mwaka uliofuata bodi ikaondoa mabasi kwa wanafunzi wengi wa shule zenye programu maalumu, zile ambazo mtoto huomba nafasi. Baadaye yakarudi kwa shule chache, Central ikiwa mojawapo.

Kwa maneno mengine, shule nzuri ya mbali bado ipo na mlango uko wazi. Ila ni ya mtoto mwenye mzazi mwenye gari na asubuhi iliyo huru. Papa anatoka kazini saa moja asubuhi. Mama anaingia saa kumi na mbili.

Mdogo wangu yuko darasa la nane, ndiyo maana haya yote hayajakaa kichwani mwangu kama historia. Wiki iliyopita tuliketi mezani na fomu ya kuchagua sekondari, ya Kiswahili kabisa, mama ameishika mwenyewe bila mimi kutafsiri. Mdogo wangu anataka Central, kwa sababu ya programu yao ya sheria. Kuna shule nyingine ambayo anaweza kuifikia kwa miguu, dakika kumi na mbili, nimepima.

Mama alisoma ukurasa wote polepole. Swali lake lilikuwa moja:

"Basi lipo?"

Nikamwambia lipo, mwaka huu.

"Na mwaka ujao?"

Papa akasema shule ya Ali ni shule ya Ali. Mama akamwambia Ali hatakuja kumchukua mtoto saa kumi na moja alfajiri. Mdogo wangu akasema atapanda basi la mji, mabasi mawili, ameshaangalia kwenye simu. Mama akauliza hicho kituo cha kubadilishia kina taa. Hakuna aliyejua, kwa hiyo Jumamosi alfajiri tunakwenda kukiangalia, mama, mimi na yeye, na mzee jirani amesema atakuja pia. Fomu iko juu ya friji. Inatakiwa irudishwe Ijumaa ijayo.