Pudini ya Mkate, Chokoleti na Chungwa

Mkate uliolala siku mbili wafaa kazi gani? Wengi huwatupia kuku, wakisema kwamba umekwisha. Lakini huko Uingereza, tangu karne nyingi, watu wasiopenda kupoteza chakula waliulowesha mkate wa namna hiyo katika maziwa na mayai, wakautia sukari, wakauoka. Chakula hicho ni pudini ya mkate. Siku za Krismasi wengine huitia chokoleti na chungwa.

Vitu hivi viwili havikuanza Uingereza. Asili ya mchungwa ni Asia. Asili ya mkakao ni Amerika, na Waazteki walikuwa wakinywa kakao kabla Wahispania hawajafika kwao katika karne ya 16. Leo miti yote miwili hustawi Tanzania: michungwa huko Muheza, na mikakao huko Kyela.

Vitu vinavyotakiwa ni hivi: vipande 8 vya mkate wa juzi, mayai 3, maziwa nusu lita, sukari vijiko vikubwa 4, chokoleti gramu 100, chungwa 1, na siagi kidogo.

Kwanza, paka siagi ndani ya bakuli la bati. Katakata mkate, uupange humo, na kati ya mkate utie vipande vya chokoleti. Mkate mpya haufai sana, kwa maana ni laini, nao ukilowa huvurugika kama uji. Mkate mkavu hunywa maziwa kama mchanga unywavyo mvua, wala haupotezi umbo lake. Lakini mkate ulioota koga usiutumie kamwe.

Pili, osha chungwa, ukwaruze ganda lake la nje tu. Harufu nzuri imo katika mafuta ya ganda hilo; utando mweupe ulio chini yake ni mchungu. Maji ya chungwa usiyatie katika maziwa, kwa sababu ukali wake huyakatisha. Yaweke, uyanyunyize juu ya pudini wakati wa kula.

Tatu, pasha maziwa moto pamoja na sukari na ganda lile, kisha uyaepue, uyaache yapoe hata yawe vuguvugu. Ndipo uyapige mayai na kuyachanganya nayo.

Hapo ndipo nilipokosea mimi mara ya kwanza. Ilikuwa Krismasi, na wageni walikuwa wamekwisha kukaa barazani. Kwa haraka niliyamimina mayai katika maziwa yaliyokuwa yakichemka. Mara yakaganda mabonge mabonge, na maziwa yote yakaharibika, wala hatukuwa na mengine. Wageni wakala mkate mkavu kwa chai ya rangi. Mke wangu hakunena neno, nami nikaona haya kuliko kama angalinikemea. Kweli, haraka haraka haina baraka.

Nne, mimina maziwa juu ya mkate, uuache nusu saa upate kunywa. Kisha weka bakuli ndani ya sufuria kubwa yenye maji yafikayo nusu ya kimo cha bakuli. Funika, uweke juu ya makaa machache, na makaa mengine uyapalie juu ya kifuniko. Maji hayo huzuia moto mkali, maana maji yachemkayo hayazidi joto la digrii 100. Kwa hiyo mayai hushikana polepole, yasikatike. Baada ya dakika 45 hivi, tazama: ikiwa katikati imeshikana na yatikisika kidogo tu, pudini imeiva.

Basi, siku kuu ikikaribia, angalieni kwanza kabatini kabla ya kwenda dukani. Huenda mlichotaka kukitupa ndicho kitakachowafurahisha wageni wenu.

Maswali
1. Kwa nini mkate wa juzi wafaa kuliko mkate mpya?
2. Mwalimu alikosea nini, na ilikuwaje?
3. Maji yaliyo katika sufuria kubwa yana kazi gani?