Ndege-Bawa Isiyo na Mkia: Namna ya Kuiunda na Kuirusha Mara ya Kwanza



Mtakumbuka kwamba mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilianza kupiga picha za Unguja na Pemba kutoka angani. Chombo kilichotumika, kiitwacho eBee, kilikuwa bawa tupu la povu gumu, upana wake sentimita 96 na uzito wake karibu gramu 700. Hakikuwa na mkia, wala hakikubeba mtu. Leo tutaeleza chombo cha namna hii huundwaje, na kwa nini siku yake ya kwanza ndiyo ya khatari. Mfano wetu tutautoa Kibiti na delta ya Rufiji, mahali panapoonyesha vema faida yake na khatari yake pia.

Faida yake si jambo jipya. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji. Mikoko na vijito viliifunika, wala waliokuwa baharini hawakuweza kuiona. Ndipo zikaletwa eropleni. Mwezi Julai 1915 ziliruka kutoka Mafia, zikaelekeza mizinga kwa simu ya upepo, na tarehe 11 Königsberg ikaangamizwa. Delta ni ile ile mpaka leo: mikoko yake ni takriban hekta 53,000, na mafuriko ya Aprili 2024 yalipofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, aliyesimama ardhini aliona maji yaliyo mbele yake tu.

Umbo lake

Bawa hukatwa katika povu gumu, kama lile la masanduku ya kuwekea samaki na barafu, nalo hutiwa nguvu kwa fimbo nyembamba ya kaboni. Nyuma huwekwa mota na rafadha. Katika ukingo wa nyuma, kila upande, hutiwa kibao kinachoinuka na kushuka kwa mota ndogo. Vibao vyote viwili vikiinuka, pua hupanda. Vikishuka, pua huinama. Kimoja kikiinuka na cha pili kikishuka, chombo hulala upande wa kile kilichoinuka. Basi vibao viwili hufanya kazi ambayo katika eropleni ya kawaida hufanywa na mbawa na mkia pamoja.

Mizani

Hapa ndipo wengi huharibikiwa. Eropleni yenye mkia ni kama ngalawa yenye matengo: ikiyumba kidogo, hujirudi. Bawa lisilo na mkia ni kama mtumbwi mtupu, ambao abiria akikaa vibaya hupinduka. Kwa hiyo ramani ya bawa huonyesha mstari ambapo uzito wote hauna budi kukutana. Chombo kikisha kutiwa kila kitu, pamoja na betri na kamera, kiinue kwa ncha za vidole viwili juu ya mstari huo. Kikikaa sawa, au kikiinamisha pua kidogo sana, ni vema. Kikiinamia nyuma, usikirushe. Sogeza betri mbele. Sentimita moja tu yaweza kukiangusha.

Rubani-mashine

Ndani ya bawa mna kompyuta ndogo iitwayo otopailoti. Hupima mlalo wa chombo, urefu wake toka ardhini, na mahali kilipo kwa msaada wa setilaiti. Programu moja ijulikanayo sana, ArduPilot, hutolewa bure. Huweza kulinyosha bawa katika upepo, kulipeleka kwa mistari iliyopangwa, na kulirudisha nyumbani mawasiliano yakikatika.

Lakini asidanganyike mtu. Otopailoti haiwezi kuponya mizani mibaya, na ikiwa nyaya zimeunganishwa kinyume, itazidisha kosa badala ya kulisahihisha. Kabla ya kurusha, iweke katika hali ya kunyosha chombo, kisha lishike bawa mkononi na ulilaze kuume: kibao cha kuume hakina budi kushuka, na cha kushoto kuinuka. Inua pua: vyote viwili hushuka. Visipofanya hivyo, rudi nyumbani. Tazama pia urefu wa safari ya kurudi uwe juu ya minazi na mikorosho yote iliyo karibu.

Siku ya kwanza

Usiirushe mara ya kwanza juu ya delta. Likianguka katika mikoko, hutalifikia ila kwa mtumbwi, tena katika vijito vyenye mamba. Tafuta uwanja mpana wa nyasi upande wa Kibiti, alfajiri kabla upepo wa kusi haujapata nguvu. Ngoja setilaiti zipatikane, ili chombo kijue nyumbani ni wapi. Mwenzio alirushe kuelekea upepo, pua juu kidogo, na rafadha ianze kuzunguka baada ya bawa kuachwa, kwa kuwa iko nyuma na yaweza kukata vidole. Likipanda, liache lifike juu kabla ya kuligeuza. Dakika tano zatosha siku hiyo.

Kabla ya hayo yote, pata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na kuwapa khabari viongozi wa wilaya na wa kijiji. Huko Kibiti viongozi wa vijiji na askari waliuawa mwaka 2017, na kitu kinachovuma angani bila taarifa huwatia watu hofu ya haki. Mwenye kijiji akijua, hata bawa likipotea atasaidia kulitafuta.

Na sisi wenye mikarafuu?

Kazi ni ile ile. Bawa huenda na kurudi kama mtu afyekaye shamba, kila picha ikifunika zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia, na kompyuta huziunganisha kuwa ramani moja. Katika ramani hiyo mkarafuu unaokauka kileleni huonekana. Lakini bawa halijui kama mti umepatwa na maradhi ya kufa ghafla, au mchwa, au ukame. Mtu hana budi kwenda kwa miguu, kuuchunguza mti wenyewe.

Basi, yeyote atakayetaka kuunda chombo hiki na aanze na mizani. Saa moja ya kupima mezani ni nafuu kuliko siku nzima ya kutafuta vipande vya povu matopeni. Haraka haraka haina baraka.