Wembe Upo kwa Mangi, Kinachokosekana ni Mpini

Hapa Kiboriloni, Moshi, wembe ni kifaa cha kila mtu. Fundi cherehani anayepunguza kiuno cha suruali ya mtumba anafumulia mshono kwa nusu ya wembe. Mwanafunzi anachongea penseli, mama anakatia kucha za mtoto. Kinyozi anauvunja katikati ungali ndani ya karatasi yake, nusu anaipachika kwenye kishikio cha kukunja, nusu anaiweka kwa ajili ya mteja ajaye. Toka barabara ya Himo mpaka njia ya kupanda Kikarara na Kidia, sijui duka la Mangi, yaani la rejareja la mtaani, litakalokosa nyembe. Ila mwanamume anayetaka kunyoa ndevu nyumbani kwake hana cha kuushikia. Ama anaubana mtupu kwa vidole na kumwomba Mungu, ama ananunua kiwembe cha plastiki cha kutupa, ama anarudi saluni kila wiki.

Kifaa kinachojaza pengo hilo ni mashine ya wembe. Siyo ile ya umeme ya saluni. Hii ni ya mkono, mpini mfupi wa chuma wenye kichwa kinachofunguka. Unaweka ndani wembe uleule wa makali pande mbili, unakaza, na makali yanachungulia kidogo tu kila upande. King Camp Gillette wa Marekani alipewa hataza yake tarehe 15 Novemba 1904. Mwaka 1903, alipoanza kuuza, kampuni yake iliuza mashine 51 na nyembe 168. Mwaka uliofuata mashine zilipita 90,000. Baadaye Vita vya Kwanza vya Dunia vilizitia mikononi mwa mamilioni ya askari. Kwa mnunuzi wa leo, la maana katika historia hiyo ni moja: umbo la wembe wenye tundu refu katikati lilitulia miaka ya 1930 na halijabadilika tangu hapo. Wembe unaouzwa leo kwa Mangi unaingia kwenye mashine iliyotengenezwa kabla babu yako hajaota ndevu.

Swali ambalo watu huuliza kwanza ni la jina: ipi ni orijino? Kwa anayeanza, hilo si swali la kwanza. La kwanza ni ngozi yake itavumilia makali kiasi gani, na hapa sisi wenye ndevu za kipilipili tuna habari yetu.

Mwaka 1971 Gillette ilitoa kichwa chenye nyembe mbili. Mwaka 1998 zikawa tatu, mwaka 2006 zikawa tano, na kila mara tangazo likasema ngozi italainika zaidi. Ni kweli inalainika. Wembe wa kwanza unauvuta unywele juu, unaofuata unaukata kabla haujarudi, na ncha iliyobaki inazama chini ya ngozi. Kwa ndevu zilizonyooka hakuna taabu. Kwa ndevu zilizojipinda tangu shinani, ncha hiyo iliyochongoka inaota kwa kukunja kona na kuichoma ngozi kutokea ndani. Nyingine zinatoka nje kwanza, kisha zinajikunja na kuingia tena pembeni. Mwili unaupokea unywele wake wenyewe kama mwiba: unavimba, unawasha, wakati mwingine unatunga usaha. Ndivyo vile vipele vya shingoni ambavyo wengi wetu tunavilaumu kwa spiriti ya kinyozi, au kwa maji ya mahali, au kwa uchafu, ilhali chanzo ni unywele kukatwa chini mno. Wembe mmoja usiovuta unywele unaukata usawa wa ngozi, haupiti hapo. Hauponyi kila mtu, lakini unaondoa sababu moja kubwa. Kwa hiyo aliyekosa hela ya kichwa cha nyembe tano huenda ameokoka bila kujua.

Sasa twende kwenye kuchagua. Mashine ikiwa mkononi, weka wembe, kaza, kisha itazame kwa ubavu penye mwanga. Angalia makali yamejitokeza kiasi gani, na mwanya kati yake na ukingo wa chini una upana gani. Mwanya mwembamba na makali yanayochungulia kidogo humaanisha mashine ya upole. Itaacha vinyweleo viwili vitatu, utapita mara ya pili, na hutatoka damu. Mwanya mpana unanyoa haraka, na unasamehe makosa machache. Mtu anayeanza ana makosa mengi, kwa hiyo achukue ya upole hata kama muuzaji anaisifu ile nyingine kwamba inakula ndevu.

Ukingo wa chini nao una aina mbili. Kuna uliofungwa, ambao ni bapa na pengine una mifereji midogo, na kuna wenye meno yaliyo wazi mfano wa kitana. Wenye meno unafaa ndevu ndefu za wiki mbili; unyoaji mwingine wote unakwenda vizuri na uliofungwa. Zipo pia mashine za kurekebisha mwanya kwa kuzungusha namba. Ziache kwa sasa. Mtu asiyejua bado ngozi yake inataka nini atahangaika na namba badala ya kujifunza mkono.

Ufungukaji wa kichwa unahusu zaidi uimara na usafi. Ya vipande vitatu, yaani kofia, bamba na mpini, ndiyo rahisi kutengeneza, kuosha na kukausha, na haina kinachoharibika isipokuwa uzi wa skrubu. Ya milango miwili, ambayo ukizungusha kitasa cha chini kichwa kinafunguka juu, inapendeza na hailazimu kugusa wembe. Ila sabuni na vinyweleo hujificha kwenye bawaba zake, na zile za bei ya chini hulegea. Mashine ikilegea upande mmoja, wembe unakaa mshazari: shavu la kulia linanyolewa, la kushoto linakatwa. Hiki ndicho kipimo cha kufanya palepale dukani kabla ya kutoa hela. Linganisha makali ya pande mbili. Kama upande mmoja umejitokeza zaidi, legeza, weka upya, kaza tena. Ikibaki vilevile, mrudishie mwenyewe na umshukuru.

Kuhusu metali, mashine nyingi za bei nafuu ni aloi ya zinki iliyopakwa kromu. Si mbaya. Hata Merkur ya Solingen, Ujerumani, ambayo wapenzi wa kunyoa huisifu sana, imetengenezwa hivyo. Udhaifu wa aloi hiyo ni kwamba kromu ikichubuka maji hula kilicho chini, na skrubu ya kofia ikikazwa kwa nguvu za fundi baiskeli hukatika. Mashine za shaba au chuma cha pua hudumu zaidi na bei yake hupanda. Lord ya Aleksandria, Misri, inatengeneza nyembe na mashine nyepesi za bei ya chini, na ipo mifano mingi ya Kichina iliyoiga umbo la zamani la Gillette. Katika kundi hili hukumu ile mashine moja uliyoishika, wala usiridhike na boksi.

Na kwa kuwa tuko Kiboriloni, lazima niseme kuhusu mtumba. Soko hili linajulikana kwa nguo, lakini pale vyombo vya nyumbani kutoka Ulaya vinapomwagwa, tupa jicho. Ukikutana na mashine nzito kidogo iliyoandikwa Gillette, hasa ile ya vipande vitatu iitwayo Tech, iliyoanza kutoka mwaka 1938, usiiache kwa sababu imechakaa rangi. Ni ya upole mno na inafaa kabisa anayeanza. Nyingi zilizotengenezwa Marekani kuanzia miaka ya 1950 zina herufi na tarakimu chini ya kichwa: herufi ni mwaka, tarakimu ni robo ya mwaka. Kagua uzi wa skrubu, kagua kama bamba halijapinda, kisha ioshe kwa sabuni, maji ya moto na mswaki wa zamani, uimalizie kwa spiriti. Usiiloweke kwenye dawa ya kung'arishia nguo, itakula kromu.

Hesabu ya fedha nitaipiga kwa mfano. Wewe weka bei za dukani kwako. Tuseme unanyoa mara tatu kwa wiki, yaani mara 156 kwa mwaka. Kiwembe cha plastiki cha shilingi 500 kinachonyoa vizuri mara mbili kitakugharimu 39,000 kwa mwaka. Wembe wa shilingi 200 unaonyoa mara nne utakugharimu 7,800. Hata ukinunua mashine ya 20,000, inajilipa kabla mwezi wa nane haujaisha, na mwaka wa pili unabaki na gharama ya nyembe tu. Nadhani ndiyo maana wenye viwanda hawaitangazi sana.

Nyembe zenyewe hazifanani. Feather ya Japani ni kali mno kwa mkono mpya. Anza na ile inayopatikana kwa urahisi karibu nawe, utumie aina hiyohiyo kwa wiki kadhaa. Ukibadilisha mashine, wembe na sabuni kwa pamoja hutajua kipi kimekuumiza. Wembe ukianza kuvuta badala ya kukata, umekwisha. Na usiupanguse kwa kitambaa. Suuza, kung'uta, uache ukauke.

Kunyoa kwenyewe ni maji kwanza. Waliosema mwenzako akinyolewa wewe tia maji walikuwa wanaijua kazi: unywele ulioloa dakika mbili tatu hulainika na kukatika bila kubishana. Juni na Julai huku mlimani, pasha maji. Sabuni ya kipande ya kufulia inakausha ngozi. Sabuni laini ya kuogea inayotoa povu zito inatosha kama huna krimu ya kunyolea. Weka kichwa cha mashine kwenye shavu, inamisha mpini mpaka makali yaguse kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, kisha vuta hatua fupi kufuata ndevu zinakoelekea. Shingoni mara nyingi hazielekei chini, kwa hiyo papasa kabla. Usikandamize, na usiivute ngozi ikakaza: mashine ina uzito wake, na uzito huo ndio nguvu yote inayohitajika. Kosa la waliozoea plastiki ni kusukuma.

Jambo moja nyumbani lisifanyiwe mzaha. Baba na vijana wake wanaweza kurithishana mashine, wembe hapana. Virusi vya homa ya ini aina ya B huishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na tone la kuviambukiza halionekani kwa macho. Kila mtu awe na wembe wake, na zilizokwisha ziingie kwenye kopo lenye kifuniko, zisitupwe jalalani wanakochokonoa watoto.

Kwa hiyo chagua ya vipande vitatu, ukingo uliofungwa, mwanya mwembamba, pande mbili zilizo sawa. Ikiwa baada ya mwezi mmoja wa kunyoa hivyo vipele bado vinatunga usaha au vinaacha makovu yanayoinuka, usinunue mashine nyingine. Acha ndevu ziote, na uende hospitali ya KCMC, hapahapa Moshi, ambako kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kimekuwa kikifundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika tangu 1992.